Kipilipili na Mafuta ya Nazi: Kisa cha Paka Mmoja wa Devon Rex

Paka aliyeletwa alikuwa jike wa miezi 14, uzito wa kilo 2.7, aina ya Devon Rex, paka wa manyoya machache yenye mawimbi, ameshatolewa kizazi. Malalamiko yaliyoandikwa kwenye faili yalikuwa maneno matatu: ananyonyoka, anajikuna, ananuka. Alikuwa ameshaonwa mara mbili mahali pengine, mara zote mbili akapewa dawa ya viroboto, na hali haikubadilika.

Wenye paka ni familia ya Kizanzibari inayoishi Bristol, kusini-magharibi mwa Uingereza: baba na mama wanaofanya kazi za zamu, mtoto wa kiume wa miaka 11 mwenye pumu, na bibi mzaa mama aliyetoka Unguja kuja kukaa nao. Mimi ni muuguzi wa wanyama katika kliniki waliyokuja safari hii. Naandika kwa ruhusa yao, na machache yanayoweza kuwatambulisha nimeyabadilisha. Kilichonisukuma kuandika si ugonjwa wenyewe, maana kwa paka wa aina hii ni wa kawaida. Ni jinsi nyumba nzima, na waganga waliotangulia, walivyohangaika na manyoya wakati kinachougua ni ngozi. Paka mwenye manyoya haba humpunguzia mtu kazi ya kufagia, lakini kazi ile haipotei, inahamia kwenye ngozi, masikio na kucha. Familia hii haikuambiwa hivyo na aliyewauzia.

Jina lake ni Kipilipili. Alipewa na bibi siku ya kwanza, na halihitaji maelezo.

Walivyompata

Mtoto alikuwa akililia paka kwa miaka. Wazazi walikataa kwa sababu ya pumu, mpaka mama alipoliona tangazo la mfugaji mmoja likisema Devon Rex hawaleti mzio kwa kuwa hawapukutishi manyoya. Dai hilo limeenea kiasi kwamba hata watu wenye nia njema hulirudia. Lakini kinachowafanya wengi wapige chafya karibu na paka si unyoya. Ni protini iitwayo Fel d 1, inayotengenezwa kwenye tezi za mate na tezi za mafuta ya ngozi. Paka anapojilamba anajipaka protini hiyo mwili mzima. Ikikauka hugeuka vumbi jepesi linaloelea hewani kwa saa nyingi na kung'ang'ania mapazia, makochi na sare za shule. Unyoya ni kipandio chake tu. Paka mwenye manyoya machache bado ana mate, bado ana tezi za mafuta, bado anajilamba. Kiasi hutofautiana baina ya paka na paka, na dume asiyehasiwa kwa kawaida hutoa zaidi, lakini hakuna aina iliyothibitishwa kuwa haitoi kabisa.

Mfugaji hakuwauliza kama mtoto ameshakaa saa mbili tatu chumba kimoja na paka wake, nao hawakujua kuomba. Wala hawakuonyeshwa cheti cha kipimo cha jeni ya COLQ. Devon Rex wana ugonjwa wa kurithi wa udhaifu wa misuli unaotokana na hitilafu katika jeni hiyo. Kitoto kilichoirithi kwa baba na mama huanza mapema kuinamisha kichwa bila kutaka, huchoka baada ya hatua chache, huegemeza mikono yake juu ya kitu chochote ili kuinua shingo, na anaweza kupaliwa na chakula hadi kufa. Kipimo kipo, ni cha kusugua tu ndani ya shavu. Kipilipili hakuwa na dalili hata moja, kwa hiyo jambo hili liliishia hapo. Nalitaja kwa sababu watu huulizia rangi na bei, na hili hawaliulizi.

Nywele zenyewe

Devon Rex wana kwao, na si mbali na Bristol. Karibu mwaka 1960, katika mji mdogo wa Buckfastleigh, mkoa wa Devon, mama mmoja aitwaye Beryl Cox alikuwa amempokea paka jike asiye na mwenyewe. Paka huyo alizaa, na katika watoto wake mmoja alikuwa na nywele za mawimbi. Karibu na hapo, kwenye mgodi wa bati uliokwisha kuachwa, kulionekana dume la porini lenye nywele za namna hiyohiyo. Kitoto kikaitwa Kirlee.

Miaka kumi kabla, Julai 1950, kitoto kingine cha nywele za mawimbi kilikuwa kimezaliwa Bodmin Moor, mkoa jirani wa Cornwall. Huyo ni Kallibunker, babu wa Cornish Rex wote. Wafugaji waliposikia habari za Kirlee walidhani ni damu moja, wakampandisha na majike wa ukoo wa Cornwall. Watoto wote wakatoka na manyoya ya singa. Kwa wajuzi wa urithi hilo lilikuwa jibu tosha: jeni ni mbili tofauti, zote za kujificha, na kila kitoto kilipata nakala moja tu ya kila moja. Maabara zilikuja kulithibitisha miaka mingi baadaye. Mwaka 2010 ilitangazwa kwamba mawimbi ya Devon Rex yanatokana na hitilafu katika jeni ya KRT71, jeni ileile ambayo hitilafu yake nyingine humfanya paka wa Sphynx awe kama hana manyoya. Cornish Rex wao wana hitilafu kwenye jeni ya LPAR6.

Historia hii ndiyo inayoeleza kwa nini brashi ni adui. KRT71 hutengeneza keratini ya ala inayozunguka unyoya unapokua ndani ya ngozi na kuupa umbo. Ala ikiwa dhaifu, unyoya hutoka umepinda, mwembamba mahali na mnene mahali, na hukatika kwa kuguswa tu. Hata sharubu za Kipilipili ni vipande vifupi vilivyojikunja; kuna mgeni aliyemshutumu mtoto kwamba amezikata kwa mkasi. Isitoshe, kwa paka wa kawaida mafuta ya ngozi hupanda kwenye manyoya mengi na kutawanyika. Hapa hayana pa kwenda, hubaki palepale kwenye ngozi na mikunjo yake.

Vilevile upara si lazima uwe ugonjwa. Watoto wa Devon Rex hupukutika wakiwa na miezi michache wakabaki na vinyweleo tu, kisha manyoya hurudi taratibu; wengi hubaki karibu wazi tumboni na chini ya shingo maisha yao yote. Daktari asiyewazoea anaweza kutibu upara ambao ni maumbile na kuuacha ambao ni maradhi.

Aliyekuwa akijua ni bibi

Daktari wetu alimuuliza mama maswali yote ya kawaida: anakula nini, anaoshwa vipi, anakuna wapi, tangu lini. Mama ni mwelewa na alijibu vizuri, ila kila jibu lilianza na "nadhani". Yeye hutoka alfajiri. Bibi alikuwa amekaa pembeni, paka kajikunja ndani ya kanga mapajani mwake, na hakuna aliyemwuliza kitu kwa kuwa Kiingereza hakimpandi.

Nikamwamkia. "Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Wewe wa wapi?"

"Tanga, bibi."

"Hata! Basi mwambie daktari wako, paka huyu anashinda na mie."

Ndipo kisa kilipofunguka. Kila asubuhi Kipilipili alikuwa akipigwa brashi ngumu ya nywele, tena kwa bidii, kwa kuwa alionekana kachakaa. Kila Ijumaa alioshwa kwa shampuu ya watoto wachanga. Baada ya wiki kadhaa ngozi ikaanza kutoa magamba meupe. "Nikamwona kapauka, nikampaka mafuta ya nazi," alisema bibi. "Mtoto akipauka si unampaka?" Alipoanza kujikuna, matone ya mafuta ya karafuu yakaongezwa ndani ya yale ya nazi. Usiku alilala juu ya kipasha-joto cha chuma kilichoko ukutani, na mchana alipata chakula chake cha dukani na kidogo cha walichokula wenyewe, ukiwamo mchuzi.

Hakuna hata moja katika haya lililokuwa kwenye faili.

Bibi hakuwa mzembe. Alimfanyia paka yaleyale ambayo yangemfaa mjukuu. Mawili kati ya hayo hata hivyo yalitakiwa yakome siku ileile. Mafuta ya karafuu yana yujenoli, na ini la paka halina uwezo mzuri wa kuyavunjavunja makemikali ya namna hiyo; anayopakwa mgongoni ndiyo atakayoyalamba jioni. Mchuzi nao una vitunguu, na vitunguu maji na thomu huharibu chembe nyekundu za damu ya paka hata vikiwa vimepikwa. Nilimwambia bibi hayo mawili kwanza, bila kumtajia brashi. Mtu akibebeshwa makosa yake yote kwa mpigo, hutoka mlangoni amekumbuka fedheha tu.

Uchunguzi

Tumbo na shingo vilikuwa wazi, na hapo hatukuona la kutibu. Mgongoni kulikuwa na mabaka yenye vishina vifupi. Tulivivuta vichache tukavitazama kwa hadubini, navyo vilikuwa vimekatika, si kung'oka na mizizi. Hiyo ni brashi, na ulimi wake mwenyewe. Penye ugonjwa hasa hapakuonekana mpaka ulipomgeuza: makwapa, kinena, na kwenye mashina ya kucha za miguu yote minne kulikuwa na utando wa mafuta wa rangi ya kahawia, unaonata, wenye harufu ya chachu. Chini yake ngozi ilikuwa nyekundu. Masikio yalijaa taka za rangi hiyohiyo.

Viroboto kwanza: kitana chenye meno ya karibu kilipitishwa mwili mzima juu ya karatasi nyeupe iliyoloweshwa, hakikutoa kitu. Utitiri wa masikio na wa ngozi: sampuli zikatazamwa, hakuna. Choa, au mashilingi kama wasemavyo mtaani, ilibidi tuichukulie kwa uzito kwa sababu huambukiza watu na nyumbani kuna mtoto. Tulimulika kwa taa ya Wood, ambayo mwanga wake huifanya baadhi ya choa ing'ae, tukapeleka manyoya maabara yakaoteshwe, na majibu yalipokuja hayakuwa na kitu. Kipimo kilichotoa jibu kilikuwa rahisi kuliko vyote. Utepe wa kunata ulibandikwa kwapani, ukabanduliwa, ukatiwa rangi na kuwekwa chini ya hadubini. Kioo kizima kilijaa kuvu wa Malassezia pachydermatis, vijidudu vyenye umbo la ganda la karanga, vikiwa vimelundikana juu ya seli za ngozi.

Kuvu hao hawakutoka nje. Wanaishi kwenye ngozi na masikio ya paka wenye afya, na Devon Rex, sawa na Sphynx, huwabeba kwa wingi kuliko paka wengine. Wanapenda joto, unyevu na mafuta. Mafuta ya nazi hayakuwa chanzo, lakini yaliwekwa juu ya mafuta yaliyokwisha kuzidi, kwenye mikunjo yenye joto, kwa mnyama anayelala juu ya chuma cha moto. Shampuu ya watoto nayo ilikausha mgongo bila kuwagusa kuvu wa kwapani. Kadiri mgongo ulivyopauka ndivyo alivyozidi kupakwa.

Kwa kuwa damu ilikuwa inachukuliwa kabla ya dawa ya kumeza, daktari aliomba pia kundi lake la damu. Likatoka B. Paka wana makundi A, B na AB. Paka wengi wa mitaani ni A, ila kwa Devon Rex kundi B si la nadra hata kidogo, na mwenye B ana kinga kali ya kuzaliwa nayo dhidi ya A. Akigongwa na gari usiku na kutiwa damu isiyo yake, hata kidogo, inaweza kumuua. Hiyo pia ndiyo sababu jike wa B akizalishwa na dume wa A, watoto waliorithi A, ingawa wamezaliwa wazima, wanaweza kufa ndani ya siku chache kwa maziwa ya kwanza ya mama yao. Kwa Kipilipili asiyezaa, ilitosha kuandika herufi hiyo kwa wino mwekundu juu ya faili, na mama akaipiga picha kwa simu.

Moyo ulisikika sawa. Aina hii inaweza kupata unene wa misuli ya moyo, na kwa paka ugonjwa huo unaweza kuwepo bila sauti yoyote kwenye kifaa cha kusikilizia moyo, kwa hiyo kipimo cha mawimbi ya sauti kiliwekwa kwenye mpango wa baadaye.

Kumwosha

Dawa zilikuwa mbili. Ya kumeza ni itrakonazoli, wiki moja anapewa na wiki moja anapumzishwa. Ya kuosha ni shampuu ya wanyama yenye klorheksidini asilimia 2 na mikonazoli asilimia 2, mara mbili kwa wiki. Ya kumeza haina hadithi. Ya kuosha ndiyo iliyoamua kisa, kwa sababu shampuu hiyo haifanyi kazi kwa kutoa povu. Inafanya kazi kwa kukaa: dakika 10 mwilini kabla ya kusuuzwa. Watu wengi humsuuza paka baada ya dakika moja kwa kuwa amewararua, kisha husema dawa haifai.

Tulimfundisha bibi pale pale klinikini, na baada ya muda alikuwa ananipita. Chumba kipashwe joto kabla, mlango ufungwe. Beseni liwe na taulo chini ili miguu isiteleze, kwa maana paka anayeteleza ndiye anayepigana. Maji ya uvuguvugu, usawa wa tumbo tu, yamiminwe kwa kikombe. Bomba la kurusha lisitumike. Shampuu ianzie kwapani, kinena na vidoleni, kila kucha isukumwe itoke na shina lake lisuguliwe kwa pamba, mgongo uwe wa mwisho. Uso upanguswe kwa kitambaa chenye maji matupu. Kisha ile subira. Zile dakika 10 bibi alikuwa akizipitisha kwa tasbihi, mkono mmoja ukivuta punje na mwingine ukiwa kifuani pa paka, naye Kipilipili alitulia kwa namna ambayo sijaiona kwa mteja mwingine yeyote. Kusuuza kufanywe mpaka maji yatoke meupe, kwa sababu mabaki ya shampuu nayo huwasha. Kukausha ni kwa kubandika taulo na kukandamiza, kusugua hapana, wala mashine ya kukaushia nywele. Abaki chumba hichohicho mpaka akauke kabisa. Mwili wa paka una joto la nyuzi 38 hadi 39 na huyu hana koti la kulihifadhi.

Masikio, mara moja kwa wiki kwa dawa ya kusafishia na pamba iliyoviringwa kidoleni. Vijiti vya pamba tulivikataza, husukuma taka ndani. Brashi ilistaafishwa, nafasi yake ikachukuliwa na kiganja. Kitanda chake kilisogezwa karibu na kipasha-joto, si juu yake. Mama aliuliza kuhusu zile fulana ndogo ambazo Devon Rex huvalishwa. Tulimwambia zisubiri, kwa kuwa kitambaa kinachobana kwapa zenye kuvu kinawaongezea joto na unyevu, na kinakata manyoya yanayojaribu kurudi.

Wiki ya nne utepe ulikuwa na kuvu wachache tu. Manyoya ya mgongoni yalianza kuota tena, mafupi, yenye mawimbi. Kujikuna kulipungua, ila hakukuisha, na hapa wengi huongeza dawa ileile. Daktari alifikiri tofauti: kuvu wakizidi mara nyingi kuna kitu chini yao kilichowapa nafasi, na kwa paka kitu hicho mara nyingi ni mzio. Akaagiza jaribio la chakula kwa wiki nane, chakula maalumu ambacho protini zake zimekatwakatwa vipande vidogo visivyotambuliwa na kinga ya mwili, bila kitu kingine chochote mdomoni. Kipilipili ni mroho, kama wenzake wengi wa aina hii. Mara moja alikamatwa juu ya meza na kipande cha nguru. Hata hivyo wiki nane zilikamilika, kujikuna kukaisha, na aliporudishiwa chakula cha zamani kukaanza upya siku chache baadaye. Chakula cha zamani kikaondolewa moja kwa moja.

Mtoto na msala

Kuhusu mtoto nasema machache, kwa sababu mwenye kauli ni daktari wake wa pumu. Alipimwa, akaonekana ana mzio wa paka. Familia ilikaa kikao. Uamuzi, kwa ushauri wa daktari huyo, ukawa paka haingii chumba cha mtoto kabisa, zulia la chumba hicho limeng'olewa, mashuka yanafuliwa kwa maji ya moto, kuna mashine ya kuchuja hewa, na dawa ya kuvuta inatumiwa kila siku kama ilivyoandikwa badala ya kukumbukwa wakati wa kubanwa. Watu wa nyumbani walifurahi waliposikia kwamba kumwosha paka hupunguza ile protini. Ni kweli, lakini hurudi ndani ya siku chache, kwa hiyo isihesabiwe kuwa kinga. Pumu yake imetulia. Ingechafuka, maoni yangu yangekuwa paka atafutiwe nyumba nyingine, hata kama mtoto angelia mwezi mzima.

Msala wa kuswalia lilikuwa suala la bibi peke yake, na nimelikuta kwa wateja wengine wa kwetu. Bibi alimkubali paka huyu kwa sababu ya uchache wa manyoya. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya pwani yetu, paka aliye hai ni tohara, mate yake pia, na hadithi ya Abu Qatada, sahaba wa Mtume, aliyemwinamishia paka chombo cha maji inajulikana na wengi. Lakini unyoya uliotengana na mnyama aliye hai asiyeliwa huhesabiwa najisi, kidogo kikisamehewa. Paka asiyeacha manyoya kwenye msala kwake ilikuwa neema. Kisha yakaanza madoa ya kahawia. Kila alipolala juu ya msala aliacha alama ya mafuta, na bibi akawa anaufua kila siku bila kumwambia mtu. Suala la hukumu alilipeleka kwa mwalimu wake kule Unguja. Nilichoweza kumwambia mimi ni kilichoonekana kwenye hadubini: mafuta ya ngozi, seli zilizokufa na kuvu, damu hamna, usaha hamna.

Kwenda Unguja, na kubaki

Bibi alipokaribia kurudi nyumbani aliuliza kama anaweza kwenda naye. Vibali na chanjo ya kichaa cha mbwa vinapatikana kwa mwenye subira. Shida ni hewa. Joto na unyevu wa kisiwani ndivyo kuvu hawa wanavyovitaka mwaka mzima, jua lingemchoma masikio na mgongo, na mbu wangemfaidi. Paka wa Mji Mkongwe anaweza kulala juu ya paa la bati na kuamka mzima, kwa sababu ana manyoya kamili na amezaliwa humo. Kipilipili angehitaji kufungiwa ndani na kiyoyozi, na bado kuoshwa. Nilimwambia wazi kwamba singemshauri, na kwamba ushauri huohuo ningempa mtu wa Dar es Salaam au Mombasa anayetaka kuagiza paka wa namna hii kwa sababu amependa picha. Bibi alinyamaza kidogo, akasema, "Basi nifundishie baba yake kuosha."

Hakukosea. Tiba yote ilikuwa imejengwa juu ya mikono ya mtu mmoja. Baba alifundishwa wiki mbili, bibi akiwa amesimama nyuma yake. Baada ya bibi kuondoka, zamu zilibadilika kazini, kuosha kukawa mara moja kwa wiki, kisha kukasahaulika, na ule utando wa kahawia ukarudi, ukianzia kwenye kucha za miguu ya mbele. Safari hii hawakusubiri mabaka. Baba aliuona mapema kwa sababu alishajua pa kutazama, akaja na picha, tukapima utepe, na shampuu peke yake ikatosha bila dawa ya kumeza.

Ratiba ya sasa ni kuoshwa kila baada ya siku 10, kucha na makwapa kukaguliwa kila Jumapili, masikio siku hiyohiyo, chakula ni kile cha protini zilizokatwa. Uzito umefika kilo 3.1. Kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti kimefanyika mwezi uliopita na kuta za moyo zina unene wa kawaida; kitarudiwa mwakani. Bibi hupiga simu ya video siku za kuosha na kuuliza kama dakika zimetimia.